Wazigua Waliorejea Handeni

Barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera hupita Mkata, na hapo ndipo njia ya Handeni mjini inapochepuka. Hii ni nchi ya Wazigua, na mvua yake tangu kale si ya kutegemewa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ukame uliwaletea njaa kubwa. Wazazi waliwaweka watoto wao rehani kwa chakula. Wengine, waliokosa cha kuweka, walijiuza wenyewe. Wengi waliishia majahazini, wakapelekwa mwambao wa Banadiri kulima mashamba ya watu. Soko la Unguja lina fungu lake katika habari hii, wala haifai visiwani kulifumbia macho.

Waliotoroka walijificha katika misitu ya bonde la mto Juba, wakajenga vijiji vyao. Masimulizi yao humtaja kiongozi mwanamke, Wanankhucha. Wamekaa huko zaidi ya karne nzima, na Kizigua hakikuwatoka vinywani.

Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanga, wakawekwa Mkuyu, Handeni. Na waama, walisemezana na wenyeji pasi na mkalimani. (Jamaa zao waliokuwa katika kambi za Kenya, wapatao 12,000, walikubaliwa kuhamia Marekani.) Mwaka 2003 wale wa Mkuyu walihamishiwa Chogo, katika wilaya hiyohiyo, wakapewa ardhi ya kujenga na kulima.

Hapa ndipo hisani ilipobadilika sura. Kibaba cha posho humwokoa mtoto asife, na hilo si dogo. Lakini mama yake kesho atarudi palepale kungoja kipimo. Shamba humtoa katika kungoja huko. Hata hivyo shamba peke yake halikutosha. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke katika eneo alilopangiwa. Basi aliyevuna ziada aiuze wapi, na kwa bei ya nani? Watu waliowahi kuuzwa kwa sababu ya nafaka walikuwa sasa na nafaka wasiyoweza kuiuza watakako.

Kufikia mwaka 2014, zaidi ya 1,500 kati yao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Mwenye hati hiyo akitaka kupeleka mahindi yake Mkata, hupakia magunia akaenda.