Kocha akisema "pumzika": historia fupi ya uraibu wa mazoezi

Mtafiti mwenye hela ya kuwalipa washiriki kwa kawaida hawakosi. Frederick Baekeland, daktari wa akili wa New York, aliwakosa. Alitaka watu wanaofanya mazoezi karibu kila siku waache kwa mwezi mzima ili apime usingizi wao. Wakakataa, hata alipopandisha dau. Ikabidi achukue wale wa siku tatu nne kwa wiki, na hao nao wakalalamika: usingizi mbovu, wasiwasi. Aliyachapisha hayo mwaka 1970. Kwa maoni yangu, waliokataa walimpa jibu kubwa kuliko waliokubali.

Ila Marekani ilikuwa inaingia kwenye homa ya kukimbia. Mwaka 1976 William Glasser aliandika kitabu kilichosifu kukimbia kama uraibu mzuri. Mwaka 1979 William P. Morgan akampinga: kuna wakimbiaji wasioweza kukosa mazoezi, wanaopata arosto wakizuiwa, na wanaoendelea hata kama daktari, kazi na familia vyote vinadai waache.

Sasa mpelekee vigezo hivyo kocha wa timu ya taifa. Kila siku? Ndiyo kazi yenyewe. Kuvumilia maumivu? Ndiyo sifa iliyomleta mtu kambini. Dodoso maarufu la maswali 6, la mwaka 2004, linauliza kama mazoezi ndiyo jambo muhimu kuliko yote maishani mwako. Mwanariadha wa kulipwa atajibu ndiyo, na ni mzima kabisa. Kuhesabu kilomita, basi, hakumsaidii kocha.

Kinachomsaidia ni kilekile kilichomkwamisha Baekeland: mwambie mtu aache. Ukitoa siku mbili za mapumziko kabla ya mashindano, mmoja atalala na kula vizuri, maana anajua miguu iliyopumzika ndiyo inayoshinda. Mwingine anatoka alfajiri kwa siri, anaficha jeraha, anaandika kilomita pungufu daftarini, na ukimuuliza anakuwa mkali. Huyo yuko tayari kupoteza hata medali, mradi asikae. Kocha atazame na sahani yake pia: mwaka 1987 David Veale alitenganisha uraibu wa mazoezi wenyewe na ule unaotokana na matatizo ya kula.

Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, uliingiza kamari kwenye uraibu lakini ukaacha mazoezi. Kwa hiyo mara nyingi wa kwanza kuliona tatizo ni kocha, ambaye naye mkataba wake unategemea medali hizohizo.