Fidia na Ufilisi: Maneno Mawili na Mali ya Mtu Aliyeumia

Nchini Tanzania zimo taasisi mbili za umma ambazo majina yao yamebeba maneno mawili ya kale ya Kiswahili cha sheria. Ya kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Ya pili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, uliozinduliwa mwaka 2006. Fidia humhusu mtu aliyeumia. Ufilisi humhusu mtu aliyezidiwa na madeni. Mara nyingi hao si watu wawili bali ni mmoja. Aliyevunjika mguu hukosa kazi, akikosa kazi hukopa, na fidia yake inapotoka wadai wamekwisha kuujua mlango wake. Je, fedha iliyolipwa kwa ajili ya mwili wa mtu ni haki ya wadai wake? Historia ya maneno hayo yatoa sehemu kubwa ya jibu.

Neno fidia latokana na Kiarabu fidya, yaani kikomboleo. Waislamu wa pwani hulitumia hata leo kwa maana iliyo karibu na asili yake, wakitaja chakula wanachopewa maskini badala ya siku za saumu zisizoweza kufungwa. Dia ni neno jingine, ingawa sauti zake zafanana nalo. Latoka katika Kiarabu diya, nalo ni malipo ya damu na ya viungo. Katika fikihi dia ya uhai wa mwanamume ni ngamia 100, ya mkono mmoja ngamia 50, na ya kidole ngamia 10. Kiswahili cha serikali hakikuichukua dia, bali kilitwika neno fidia mzigo wote: jeraha, mshahara uliopotea, mazao yaliyoharibiwa, hata nyumba iliyobomolewa kupisha barabara. Neno likapanuka, na kwa kupanuka huko likapoteza mpaka uliokuwapo kati ya mwili na mali.

Filisi nalo lina asili yake. Fals ni sarafu ya shaba, jina ambalo Waarabu walilipata kwa Warumi wa mashariki. Muflisi ni mtu ambaye dinari na dirhamu zake zimekwisha, akabaki na vishaba tu. Kamusi ya Johnson ya 1939 yaeleza filisi kuwa ni kumwuzia mtu mali yake kwa ajili ya deni. Inafaa kutofautisha kufilisika na kufilisiwa. Mtu wa mtaani husema amefilisika mara fedha inapomwishia. Lakini mbele ya sheria hajawa muflisi mpaka mahakama iamue hivyo.

Wanazuoni wa pwani, walio wengi wao wa madhehebu ya Shafi, walilijua jambo hili kwa kitabu cha Minhaj al-Talibin cha Imam Nawawi. Kadhi akimfunga muflisi asitumie mali yake, wadai hugawana mali hiyo. Hata hivyo, akiwa amejeruhiwa kwa kusudi, haki ya kisasi hubaki mkononi mwake. Aweza kukitaka au kusamehe, wala wadai hawawezi kumlazimisha akigeuze kisasi kuwa fedha ili walipwe. Lakini jeraha la bahati mbaya, ambalo haki yake tangu mwanzo ni mali, hana ruhusa kulisamehe bure na kuwanyima wadai.

Sheria ya Kiingereza ilifika kwenye mpaka wa namna hiyo kwa njia nyingine. Katika shauri la Beckham na Drake, lililoamuliwa mwaka 1849, majaji walieleza kwamba haki ya kudai malipo yanayopimwa kwa maumivu ya mwili, ya moyo au ya heshima haihamii kwa msimamizi wa mali ya muflisi. Kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920 zilifanywa kuwa sehemu ya sheria ya Tanganyika, na Sheria ya Kufilisika ikafuata mwaka 1930. Tena sheria ya Uingereza ya 1897 juu ya fidia ya wafanya kazi ilikataza malipo ya kila wiki yasiwekwe rehani wala yasikamatwe kwa deni, na Tanganyika ilipata sheria yake ya fidia ya wafanya kazi mwaka 1948.

Mambo haya yaihusu sana Buguruni. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, yapita mtaani humo. Kazi za reli, bandari na viwanda ndizo zilizowalisha wenyeji wengi wa mitaa ya namna hiyo, na ndizo zilizowavunja viungo. Mikopo ilikuwa Kariakoo, dukani na kwa mwenye kupokea rehani. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliizuia mikopo kwa Waafrika, hata mwenye duka asiweze kudai deni lake mahakamani isipokuwa kwa masharti. Kwa hiyo mfanya kazi Mwafrika hakuwa mtu wa mahakama ya ufilisi. Yeye deni lake lilikuwa kanga ya mkewe iliyokaa rehani. Katazo la sheria lilimzuia mdai kuikamata fidia, lakini halikumzuia mwenye fidia kuipeleka dukani kwa mkono wake mwenyewe.

Leo mtu wa Buguruni aliyegongwa na gari barabarani huweza kufanya suluhu na kampuni ya bima, kisha akaona hana budi kuomba afilisiwe. Hapo ndipo upana wa neno fidia unapomdhuru. Hati ya suluhu ikiandika jumla moja tu, fedha ya maumivu imechanganyika na ya mshahara na ya pikipiki iliyoharibika. Na hizi mbili za mwisho ni mali kama mali nyingine. Yafaa hati itenge kila fungu kwa jina lake, na fungu la maumivu liwekwe peke yake. Kuficha hakufai, kwa kuwa muflisi hupaswa kutaja yote aliyo nayo. Kumpa ndugu pia hakufai: sheria ya Kiingereza ya 1914, ambayo ndiyo kielelezo cha ile ya 1930, ilitangua zawadi zilizotolewa katika miaka 2 kabla ya kufilisika. Vivyo hivyo malipo ya kumpendelea mdai mmoja karibu na siku ya ombi huweza kurudishwa.

Kwa hiyo wenye kutunga istilahi za sheria wana kazi hapa. Haifai kulifufua neno dia, kwa sababu lina maana yake mahsusi katika dini. Yatosha kusema fidia ya maumivu, fidia ya mshahara na fidia ya mali, na kuyashika majina hayo kila mara katika hati. Mpaka ambao neno moja limeufuta, maneno mawili yaweza kuurudisha. Na kwa mtu aliyepoteza mguu na duka kwa pamoja, mpaka huo ndio utakaoamua kama atabakiwa na kitu.