Kwale wa Udzungwa na Chura wa Kihansi

Kwale wa Udzungwa (Xenoperdix udzungwensis) na chura wa Kihansi (Nectophrynoides asperginis) ni wanyama wa milima ya Udzungwa nchini Tanzania, wasiopatikana kiasili mahali pengine popote duniani. Wote wawili walitambuliwa na wanasayansi katika miaka ya 1990.

Ugunduzi

Kwale aligunduliwa chunguni. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliopiga kambi msituni waliona ndani ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemfahamu. Baadaye walimwona akiwa hai. Maelezo rasmi yalichapishwa 1994, ikabainika kuwa jamaa zake wa karibu wako milimani Asia. Chura aligunduliwa 1996.

Maumbile na uzazi

Kwale ana mdomo mwekundu na huchakura majani makavu akitafuta wadudu na mbegu, hasa katika misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu. Chura ni wa manjano, na hata jike hazidi sentimita 3. Kwale hutaga mayai. Chura hatagi wala hana viluwiluwi wa majini: jike huzaa vichura vilivyokamilika, na kabla havijazaliwa huonekana kupitia ngozi nyembamba ya tumbo lake.

Bwawa la Kihansi na kutoweka kwa chura

Makazi yote ya chura huyu yalikuwa kama hekta 2 za majani yaliyoloweshwa na rasharasha za maporomoko ya Mto Kihansi. Mwaka 2000 bwawa la umeme wa megawati 180, lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilichepusha karibu asilimia 90 ya maji. Korongo likakauka. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, lakini mwaka 2003 vyura walikufa kwa wingi wa kusikitisha, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini.

Kilichowaokoa ni vyura 499 waliopelekwa Marekani mwishoni mwa 2000. Bustani za wanyama za Bronx na Toledo ziliwazalisha kwa ustadi mkubwa. 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia 2012 maelfu wakaachiwa tena korongoni. Umeme ulihitajika, lakini chura alistahili kuachiwa maji yake tangu mwanzo.

Hifadhi ya kwale

Kwale hutishiwa na uwindaji wa mitego. Misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero.