Vikuza Sauti vya Gitaa la Besi, 1951–1969

Gitaa la besi la umeme la kampuni ya Fender lilipoingia sokoni Marekani mwaka 1951, sauti yake nzito ilidai nguvu kubwa kuliko ya gitaa la kawaida, na ndipo kampuni hiyo ilipotoa kikuza sauti cha Bassman mwaka uliofuata. Hatua kubwa zaidi ilikuwa kikuza sauti cha SVT cha kampuni ya Ampeg cha mwaka 1969, chenye wati 300, kilichokusudiwa masanduku mawili, kila moja likiwa na spika nane za inchi 10, kwa kuwa sanduku moja halikuhimili nguvu yote. Ukinzani, yaani kiasi ambacho spika huzuia umeme, kwa kipimo cha omu, ulipaswa kulingana na wa kikuza sauti, kwani masanduku mawili ya omu 4 yakiunganishwa sambamba huleta omu 2.