Muziki wa laivu Dar: Wapi utasikia bendi, wapi plebeki?

Tiketi ya shoo si hakikisho kwamba utasikia ala zikipigwa. Dar es Salaam, ukumbi wenyewe hukupa dalili mapema.

Viwanja vikubwa: Leaders Club, Kinondoni, ni eneo la wazi. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, wa watu 60,000, ni wa soka, ila mastaa huburudisha pale siku kama Simba Day. Wasanii wengi, dakika chache kila mmoja, hakuna muda wa kufunga vyombo upya. Hapo plebeki, yaani kuimba juu ya wimbo uliorekodiwa, ni kawaida.

Kumbi za baa: Nyumbani kwa dansi. Msondo Ngoma, iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz, na Sikinde ya 1978 zimekulia humu. Bendi moja, vyombo vyake, hadi usiku mnene.

Vituo vya sanaa: Nafasi Art Space, Mikocheni, na Alliance Française, Upanga. Umati mdogo, hata gitaa la besi unalisikia.

Kabla ya kulipa, soma tangazo: limetaja bendi au waimbaji tu? Na jipange na usafiri. Dansi likikolea, daladala zimeshalala.