Askari, Kiinua Mgongo na Jina la Kukodi

Wengi wetu tunaoishi mjini tunaifahamu ile picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe na tai nyembamba, iliyobandikwa kwenye maduka ya kuku wa kukaanga ya KFC. Maduka hayo yaliingia Nairobi mwaka 2011, na Dar es Salaam haikukawia kufuata. Mzee mwenyewe anaitwa Kanali Sanders, na sina shaka wapo wanaoamini kwamba aliwahi kuongoza kikosi vitani. Hakuongoza. Harland Sanders alijiunga na jeshi la Marekani mwaka 1906 kwa kudanganya umri wake, akapelekwa Cuba kuhudumia nyumbu wa jeshi, na mapema mwaka 1907 akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa askari wa kawaida kabisa. Ukanali alitunukiwa mwaka 1935 na Gavana wa jimbo la Kentucky. Ni cheo cha heshima tu, mfano wa hawa wetu wanaotunukiwa udaktari wakati hawajakanyaga chuo.

Nimeanza na Kanali huyo kwa sababu biashara yake ilipitiwa na askari wa kweli, nitakayemtaja baadaye. Shabaha yangu leo ni kueleza jinsi askari wa Marekani, tangu Vita Kuu ya Pili, walivyoelekezwa kuchukua kiinua mgongo chao na kununua haki ya kutumia jina la biashara ya mtu mwingine.

Mfumo huo wataalamu wanauita franchaizi. Mwenye jina anakupa jina lake, mapishi yake, rangi zake na kitabu cha maelekezo. Wewe unatoa ada ya kuingilia, unajenga duka kwa fedha zako au za benki, kisha kila wiki au kila mwezi unamkatia sehemu ya mauzo. Angalieni neno hilo: mauzo, si faida. Hata ukipata hasara, yeye anachukua chake. Anayetaka mfano wa karibu amtazame mwendeshaji wa kituo cha mafuta chenye rangi na nembo ya kampuni kubwa. Watu humwita mwenye kituo, lakini akigombana na kampuni ndipo inapojulikana mwenye kituo ni nani.

Turudi nyuma kidogo. Askari wa Marekani waliotoka Vita Kuu ya Kwanza waliahidiwa na sheria ya mwaka 1924 malipo ya ziada, lakini wangelipwa mwaka 1945. Ulipokuja mdororo wa uchumi, maelfu yao walikwenda Washington mwaka 1932 kudai walipwe mapema, wakapiga kambi za mabanzi na makaratasi pamoja na wake na watoto wao. Mwezi Julai Rais Hoover aliamuru waondolewe. Jenerali Douglas MacArthur akawatoa kwa vifaru, farasi na mabomu ya machozi, na kambi zikateketea kwa moto. Jeshi liliwafukuza watu waliokuwa jeshi lenyewe miaka kumi na minne tu iliyotangulia.

Aibu ile haikusahaulika. Vita ya Pili ilipokaribia mwisho, Marekani ilikuwa na watu wapatao milioni 16 waliopita jeshini, na wakubwa wakajiuliza wataponea wapi. Tarehe 22 Juni 1944, majuma mawili baada ya majeshi kutua Normandy, Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwarudisha askari katika maisha ya uraiani. Asiye na kazi alipewa dola 20 kwa wiki hadi wiki 52. Waliosomeshwa au kufundishwa kazi walifikia milioni 7.8. Aidha, serikali ilidhamini mikopo ya kununua nyumba, shamba au kuanzisha biashara.

Ilidhamini, haikukopesha. Mkopo ulitoka benki, na meneja wa benki ndiye aliyeamua nani anafaa. Matokeo yake yalionekana kusini. Mwaka 1947 jarida la Ebony, la Wamarekani weusi, lilichunguza miji 13 ya jimbo la Mississippi. Katika mikopo 3,229 iliyodhaminiwa chini ya sheria ile, askari weusi walipata miwili. Sheria yenyewe haikutaja rangi mahali popote.

Hapa siwezi kupita bila kuwakumbuka askari wetu wa Keya, kwani walirudi kutoka Burma miaka ile ile. Kenya peke yake ilitoa watu wapatao 98,000. Wengi walirudi na akiba yao ya mshahara, wamejifunza udereva, ufundi na ukarani, wakitaka kufungua maduka na kununua malori. Kilichowangojea ni leseni ngumu, na sheria za kikoloni zilizobana ukopeshaji wa Waafrika kwa kisingizio cha kuwalinda wasiingie katika madeni. Kwa askari wa Kizungu mkoloni alikuwa na mpango wa mashamba, na alikuwa nao pia baada ya vita ya kwanza. Kwa hiyo Mississippi na Kenya hazikutofautiana sana: askari mweusi alikuwa na ujuzi na hamu, lakini hakuwa na mtu wa kumkopesha.

Kule Marekani, askari waliofunguliwa milango waliikuta miaka ya hamsini inachangamka. Barabara kuu zilijengwa, kila familia ilitaka gari, na kando ya barabara hizo yakachipuka majina ya kukodisha. Mwaka 1955 Ray Kroc alipoanza kukodisha jina la McDonald's, ada ya kuingilia ilikuwa dola 950 na makato asilimia 1.9 ya mauzo. Mfanyakazi mwenye akiba ya kawaida aliweza kuimudu ada hiyo. Miaka ya karibuni ada hiyo imekuwa dola 45,000, na duka zima linahitaji zaidi ya dola milioni moja.

Sasa yule askari wa kweli. Anaitwa Dave Thomas. Aliingia jeshini mwaka 1950 akiwa na miaka 18, akasomea upishi wa jeshi, akapelekwa Ujerumani kulisha askari wenzake. Mwaka 1962 tajiri wake alimpeleka Columbus, jimbo la Ohio, kwenye maduka manne ya kuku wa Kanali Sanders yaliyokuwa yanazama kwa madeni, akamwahidi hisa kama angeyafufua. Thomas alipunguza orodha ya vyakula, akatangaza, akasimamia jiko kama la kambini. Mwaka 1968 maduka yaliuzwa na yeye akaondoka akiwa milionea, na mwaka uliofuata akafungua duka lake la kwanza la Wendy's.

Habari hii husimuliwa sana na wauza franchaizi, lakini huwa wanaruka jambo moja. Thomas hakuingia kwa kiinua mgongo. Alilipa kwa jasho, na deni alilolikuta halikuwa lake.

Mpango rasmi wa kuwavuta askari ulianza mwaka 1991. Vita ya Ghuba ilikuwa imekwisha, Vita Baridi inakwisha, na jeshi lilianza kupunguzwa: askari wapatao milioni 2.1 mwishoni mwa miaka ya themanini walibaki kama milioni 1.4 miaka kumi baadaye. Don Dwyer, mfanyabiashara wa Waco, Texas, aliyekuwa akimiliki majina kadhaa ya franchaizi, alizishawishi kampuni nyingine ziwape askari wastaafu punguzo la ada ya kuingilia. Mpango uliitwa VetFran. Ulififia, ukafufuliwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na chama cha wenye franchaizi kimekuwa kikitangaza kwamba duka moja kati ya saba la aina hiyo ni la askari mstaafu.

Kwa nini askari? Wenyewe husema wazi: askari amezoea kufuata kitabu. Ukimwambia kuku akaangwe kwa dakika kadhaa, hatauliza kwa nini. Mimi naiona sifa hiyo kuwa ni ya kweli, lakini inamfaa zaidi mwenye jina. Kambini askari akifuata amri na unga ukaisha, serikali inaleta mwingine. Dukani akifuata kitabu na wateja wasije, ni nyumba yake iliyowekwa rehani.

Tupige hesabu ya kubuni tu. Ada ni dola 30,000, askari anapewa punguzo la asilimia 20, yaani anaokoa dola 6,000 na kupigiwa makofi. Kama makato ni asilimia 6 na duka linauza dola 500,000 kwa mwaka, anamkatia mwenye jina dola 30,000 kila mwaka. Shukrani ya taifa inakwisha kabla ya miezi mitatu.

Tena kuna waliochukua ada na kuacha hewa. Mwezi Februari 2022 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliishtaki kampuni ya baga iitwayo Burgerim, ikidai kwamba iliwauzia watu zaidi ya 1,500 haki ya jina lake kwa ada ya dola 50,000 hadi 70,000, wakiwamo askari wastaafu iliowalenga kwa punguzo maalumu. Kwa madai ya Tume, wengi wa walionunua hawakufungua duka hata siku moja, na ahadi ya kurudishiwa fedha haikutimizwa.

Tume hiyo ina kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1979, baada ya ulaghai mwingi wa miaka ya sitini. Inamtaka muuzaji amkabidhi mnunuzi hati ya maelezo, siku 14 kabla ya kutia saini au kupokea hata senti moja. Ndani yake yanatakiwa kuwamo majina, miji na majimbo ya waliowahi kulikodi jina hilo wakaliacha katika mwaka uliotangulia. Simu zao zimo pia, na ni hao ambao mstaafu angewapigia kwanza, kabla hajakwenda benki.