Mizani ya marejeleo: Utafiti wa ardhi hupimwaje, na nani hupunjwa?

MNAMO Machi 2018, mvua kubwa ilipoinyeshea sehemu ya Bonde la Ufa, ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara iendayo Narok. Baadhi ya vyombo vya habari vya ng'ambo vilitangaza kwamba Afrika ilikuwa ikigawanyika vipande viwili mbele ya macho ya watu.

Wanajiolojia kadhaa walijitokeza kufafanua kwamba maji ya mvua yalikuwa yamezoa majivu laini ya volkano yaliyojaza nyufa za tangu zamani. Bonde hilo linapanuka kweli, lakini kwa milimita chache tu kila mwaka.

Wakazi waliotaka kujua mahali salama pa kujenga walihitaji ramani na ripoti za jiolojia wala si vichwa vya habari. Hata hivyo, ripoti za aina hiyo huhesabiwa kuwa nyepesi katika mizani inayotumiwa kote ulimwenguni kupima kazi ya mwanasayansi.

Mizani hiyo ni marejeleo, yaani idadi ya mara ambazo makala ya mtafiti hutajwa katika makala ya watafiti wenzake. Kwa mizani hiyo wahadhiri hupandishwa vyeo, vyuo vikuu hupangwa kwa daraja, na wafadhili huamua ni nani apewe fedha. Nchini Kenya, vigezo vya kuwaajiri na kuwapandisha vyeo wahadhiri, vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014, vinatilia mkazo makala yaliyochapishwa katika majarida yenye wahakiki.

Chimbuko la hesabu

Aliyeasisi hesabu hii ni Mmarekani Eugene Garfield. Mwaka 1955 alichapisha pendekezo katika jarida la Science kwamba iundwe faharasa ya kuonyesha ni makala gani yaliyotajwa na makala gani mengine. Taasisi aliyoianzisha mjini Philadelphia ilitoa faharasa hiyo kwa umma mwaka 1964, na kuanzia 1975 ikawa inachapisha ripoti ya kulinganisha majarida. Leo kazi hiyo imo mikononi mwa kampuni ya Clarivate.

Nia ya awali ilikuwa ya kawaida kabisa. Watafiti walihitaji kufuata nyayo za wazo kutoka makala moja hadi mengine, nao wakutubi walihitaji kujua ni majarida yapi ya kununua kwa fedha chache walizokuwa nazo. Kutumia hesabu hiyo kumpima mtu binafsi kulikuja baadaye.

Kipimo maarufu zaidi ni kile cha ushawishi wa jarida. Tuseme jarida fulani lilichapisha makala 100 mwaka 2022 na mengine 100 mwaka 2023. Ikiwa makala hayo 200 yalitajwa mara 600 katika mwaka wa 2024, kipimo cha jarida hilo kwa mwaka huo ni 600 kugawanywa kwa 200, yaani 3.

Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo kingine kinachomhusu mtafiti mwenyewe. Mwenye kipimo cha 10 ni yule ambaye makala yake 10 yametajwa angalau mara 10 kila moja. Kipimo hicho kilienea upesi kwa sababu ni rahisi kukokotoa. Aidha, hifadhidata ya Scopus na huduma ya Google Scholar, zote zilizoanza mwaka 2004, ziliwawezesha watu wengi kupata takwimu zinazohitajika.

Ardhi haina haraka

Kasoro ya kwanza ya mizani hii kwa wanasayansi wa ardhi ni muda. Kipimo cha ushawishi hutazama miaka miwili tu iliyotangulia. Katika taaluma ya tiba, ambako makala hutajwa upesi, huenda muda huo ukatosha. Mwanajiolojia naye huchora ramani kwa misimu kadhaa, husafirisha mawe hadi maabara, hungoja umri wa mawe hayo upimwe, kisha ndipo huandika. Yule atakayemrejelea naye hupitia safari iyo hiyo.

Historia ya taaluma hii yenyewe ni onyo. Mjerumani Alfred Wegener alitoa hoja ya kusogea kwa mabara mwaka 1912, na kitabu chake kikatoka mwaka 1915. Wanajiolojia wengi mashuhuri walimpinga. Alifariki nchini Greenland mwaka 1930, na ilichukua hadi miaka ya 1960 kwa fikra hiyo kukubalika, ikiwa imetiliwa nguvu na ushahidi mpya kutoka sakafu ya bahari.

Kisa cha Lawrence Morley wa Canada kinaonyesha jambo jingine. Mwaka 1963 aliandika makala akieleza kwamba michirizi ya sumaku iliyo kwenye sakafu ya bahari ni kumbukumbu ya jinsi sakafu hiyo inavyozaliwa na kutanuka. Jarida la Nature liliyakataa, na Journal of Geophysical Research nalo likayakataa kwa madai kuwa ni mawazo ya kubahatisha.

Septemba mwaka uo huo, Nature ilichapisha hoja kama hiyo ya Waingereza Fred Vine na Drummond Matthews, waliokuwa wameifikia wenyewe bila kujua habari za Morley. Marejeleo yote yakaenda kwa hao wawili. Miaka mingi baadaye ndipo baadhi ya wanasayansi walipoanza kuongeza jina la Morley kwenye dhana hiyo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la marejeleo, kizuri hakijiuzi kila mara.

Yanayotajwa zaidi

Wengi hudhani kwamba makala yanayotajwa zaidi ni yale yenye ugunduzi mkubwa. Katika sayansi za ardhi, mara nyingi ni yale yaliyowapa wengine zana au takwimu za kufanyia kazi.

Mfano ni makala ya mwaka 1989 ya Shen-su Sun na William McDonough kuhusu kemia ya mawe ya volkano ya sakafu ya bahari. Wanakemia wa mawe huyarejelea kila wanapolinganisha sampuli zao na viwango vilivyowekwa humo. Katika sayansi ya angahewa, makala ya Eugenia Kalnay na wenzake ya mwaka 1996, yaliyowasilisha rekodi ya hali ya anga ya miaka 40 duniani, yametajwa maelfu kwa maelfu ya mara. Vivyo hivyo kwa takwimu za mvua na joto zilizochapishwa na Robert Hijmans na wenzake mwaka 2005, ambazo hutumiwa hata na wataalamu wa mimea na kilimo.

Mwelekeo wa utafiti wenyewe umebadilika pia. Katika karne ya 20, kazi kuu ilikuwa kuchora ramani za maeneo na kueleza mawe yake. Sasa mada zinazovuta wasomaji wengi ni mabadiliko ya tabianchi, maji, majanga, na picha za setilaiti. Makala yaliyoandikwa na mtu mmoja yanazidi kuadimika, ilhali yale yenye waandishi kumi au zaidi kutoka nchi kadhaa yamekuwa ya kawaida.

Badiliko jingine kubwa ni kuinuka kwa China. Ripoti ya Bodi ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba kufikia 2016 China ilikuwa imeipita Marekani kwa idadi ya makala ya sayansi na uhandisi yanayochapishwa kila mwaka.

Mawe ya hapa, majina ya kule

Bonde la Ufa ni miongoni mwa maeneo yanayosomwa sana na wanajiolojia, kwa kuwa hapa bara linaonekana likianza kupasuka. Mwaka 1893 Mwingereza John Walter Gregory alisafiri na msafara wa wapagazi hadi Baringo, na mwaka 1896 akatoa kitabu kilicholieneza jina la bonde hilo duniani. Hadi leo mkono wa mashariki wa bonde huitwa Bonde la Gregory katika maandishi mengi ya kitaaluma. Wapagazi na waelekezi waliomvusha hawamo katika faharasa yoyote.

Pengo hilo halijazibika. Utafiti wa Michael North na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Earth-Science Reviews, ulichunguza makala kuhusu jiolojia ya Afrika katika majarida yenye hadhi ya juu. Ulibaini kuwa takriban asilimia 30 tu ya makala hayo ndiyo yaliyokuwa na mwandishi kutoka Afrika.

Haimaanishi kwamba Waafrika hawafanyi utafiti. Sehemu kubwa ya kazi yao imo katika maandishi yasiyohesabiwa. Ripoti ya serikali ya mwaka 1963 kuhusu jiolojia ya eneo la Naivasha, kwa mfano, si makala ya jarida. Lakini wataalamu wanaochunguza mvuke wa Olkaria wameendelea kuirejelea kizazi baada ya kizazi.

Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wenye uwezo wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Leo umeme wa mvuke ni zaidi ya thuluthi moja ya umeme unaozalishwa nchini. Maarifa mengi yaliyowezesha hatua hiyo yameandikwa na wahandisi na wanajiolojia Wakenya katika ripoti za makongamano na katika tasnifu za mafunzo ya jotoardhi yaliyoanzishwa nchini Iceland mwaka 1979. Mwandishi wa ripoti inayoonyesha mahali pa kuchimba kisima anaweza kuwa amemulikia taa maelfu ya nyumba, na bado kipimo chake cha marejeleo kikasoma karibu na sufuri.

Jarida la Journal of African Earth Sciences, lililoanza mwaka 1983, limesaidia kuwapa wanajiolojia wa bara hili jukwaa linalotambuliwa na faharasa. Hata hivyo, mtafiti anayetaka kupanda cheo haraka bado hushawishika kupeleka kazi yake kwa majarida makubwa ya Ulaya na Marekani, ambayo huvutiwa na maswali ya dunia nzima kuliko kisima cha kijiji kimoja.

Gharama na hila

Fauka ya hayo, kuna gharama. Zamani msomaji ndiye aliyelipa. Sasa majarida mengi humruhusu msomaji kusoma bure lakini humtoza mwandishi. Nature na majarida dada, likiwemo Nature Geoscience, yalipoanzisha mpango huo mwaka 2021, ada iliwekwa kuwa euro 9,500 kwa makala moja. Kwa mhadhiri wa chuo cha umma asiye na mfadhili, hicho ni kiasi asichoweza hata kukifikiria, ingawa baadhi ya wachapishaji hupunguza au kusamehe ada kwa waandishi kutoka nchi maskini.

Penye mizani hapakosi wapunjaji. Mwaka 2017, mchapishaji Copernicus wa Ujerumani alitangaza kwamba mhariri mmoja aliyehudumu katika majarida yake ya sayansi ya udongo na ya ardhi alikuwa akiwashauri waandishi waongeze marejeleo yasiyo ya lazima, mamia kwa jumla, yaliyowanufaisha yeye na majarida aliyohusiana nayo. Kisa hicho kilidhihirisha kwamba idadi inaweza kuongezeka bila maarifa kuongezeka.

Juhudi za kusahihisha

Lawama hizi zimezaa hatua kadhaa. Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012 na kutolewa mwaka 2013, linazitaka taasisi ziache kutumia kipimo cha jarida kumhukumu mtafiti binafsi. Mwaka 2015, Ilani ya Leiden ilisisitiza kuwa takwimu zisaidie uamuzi wa wataalamu badala ya kuchukua nafasi yao, na kwamba utafiti wenye manufaa kwa wenyeji ulindwe. Februari 2020, serikali ya China nayo iliagiza vyuo vyake vipunguze kuyategemea makala ya faharasa katika kuajiri na kupandisha vyeo.

Wanasayansi wa ardhi wenyewe hawajakaa kitako. Hifadhi ya EarthArXiv, iliyoanza mwaka 2017, huweka rasimu za makala wazi kwa kila mtu. Majarida ya Volcanica, kwa watafiti wa volkano, na Seismica, kwa watafiti wa matetemeko, huendeshwa na wanataaluma kwa kujitolea, na hayamtozi mwandishi wala msomaji.

Ni kweli kwamba marejeleo yana kazi yake. Humwonyesha mwanafunzi njia ambayo wazo limepitia, na humzuia mkubwa kujitwalia sifa kwa jina lake tu. Kosa ni kuyafanya kipimo pekee.

Kamati inayompima mwanajiolojia wa Nairobi, Eldoret au Dodoma inaweza kuuliza maswali mengine pia. Je, ramani yake imetumika kuelekeza barabara au makazi? Je, takwimu zake zimewekwa mahali ambapo wengine wanaweza kuzipata? Je, watu wa eneo alilochunguza waliambiwa alichokigundua?

Ufa wa Mai Mahiu ulijazwa mawe na udongo, na magari yakaendelea na safari. Nyufa nyingine zimefunikwa na majivu yale yale, na mvua kubwa hurudi. Zikifunuka tena, mkazi wa huko hatauliza makala kuhusu bonde hilo yalitajwa mara ngapi. Atauliza kama kuna aliyezichora ramani, na kama ramani hiyo inapatikana.